Faili ya Bure Iliyoua Injini Yangu

Leo tuziweke kando lugha za programu, ingawa mada yenyewe haiko mbali nazo. Nina hasira, na hasira hii imenigharimu injini nzima.

Mwaka 2019 nilikuwa na gari la Kijapani lenye turbo. Kijana mmoja alikuja na laptopu, akachomeka waya chini ya usukani, na baada ya dakika ishirini gari likawa linaruka kama swara. Mipangilio aliyoipakia kwenye kompyuta ya gari ilikuwa faili ya bure kutoka mtandaoni. Hakuniuliza natia mafuta gani wala naendesha wapi. Nami, mtu ninayelipwa kuandika programu, sikumuuliza chochote! Wiki tatu baadaye nilikuwa njiani kutoka Nairobi kwenda Mombasa. Nilipopita Voi moshi wa buluu ukaanza. Injini ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa imevunjika pale inaposhikilia ringi.

Tuelewane kwanza. Ndani ya silinda, cheche ya plagi ndiyo inayopaswa kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa, kisha moto usambae kwa utaratibu. Joto na presha vikizidi, sehemu ya mchanganyiko hujilipukia yenyewe kabla moto haujaifikia. Hapo injini hugonga, na pistoni hupigwa kama kwa nyundo. Oktani si kipimo cha nguvu ya petroli, bali cha uwezo wake wa kustahimili hali hiyo bila kujilipukia. Turbo hushindilia hewa zaidi ndani ya silinda, kwa hiyo ndiyo inayohitaji oktani zaidi.

Sasa sikilizeni. Kule Japani, petroli ya daraja la juu huuzwa kwa kawaida ikiwa na oktani 100, na magari kama Subaru WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution ya soko la Japani yalipangiwa petroli ya daraja hilo. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Isitoshe, mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kukomesha uchakachuaji. Mafuta taa yana oktani ndogo mno; yakiingia kwenye tangi la gari la turbo, umeikaribisha nyundo.

Faili za Marekani nazo? Nyingine zimeandikwa kwa ajili ya E85, mafuta yenye ethanoli nyingi. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa iungue vizuri. Kilo moja ya E85 huhitaji takriban 9.8 tu. Maana yake ni kwamba kwa hewa ile ile lazima umwage E85 nyingi zaidi, na pampu na nozo ziweze kuileta. Ethanoli hustahimili sana kugonga, hivyo faili hizo huwasha cheche mapema. Ukiipakia faili hiyo kwenye gari linalotumia petroli yetu, umejitafutia balaa.

Halafu kuna mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Turbo iliyowekwa isukume bar 1 juu ya hewa ya nje huipa injini jumla ya takriban bar 1.8 ukiwa Nairobi. Teremka Mombasa, jumla inafika bar 2.0, tena katika joto. Gari lililopimwa Nairobi pekee linafika pwani likiwa katika hali ambayo hakuna aliyeijaribu.

Watanijibu: "Mbona fulani ana faili hiyo hiyo na gari lake liko sawa?" Jamani, hiyo ni ile hadithi ya waprogramu ya "kwangu inafanya kazi". Na wabaya kuliko wote ni wale wanaozima kihisi kinachosikiliza kugonga ili gari lisijipunguzie nguvu. Ni sawa na kufuta ujumbe wa hitilafu na kumwambia mteja programu haina kasoro!

Sisemi msiongeze nguvu. Nasema fundi apime gari lako, kwa petroli unayoitumia wewe, akiacha kihisi kikifanya kazi na akiba ya usalama kwa siku utakayouziwa petroli mbovu au kuteremka pwani. Asipokuuliza unatia mafuta gani, mwambie afunge laptopu yake aende.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi nilivaa faili ya kuazima, nikaumbuka kando ya barabara kuu. Wewe usirudie.