Kibao Shingoni

Wazee wenzangu hulalamika kwamba vijana wa leo wameutupa utamaduni wao. Nauliza: ni nani aliyewafundisha kuutupa?

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Lakini sekondari tulibaki na Kiingereza, na mimi, mkuu wa shule, niliwavika kibao shingoni watoto walionaswa wakisema Kiswahili uwanjani.

Mtoto hajijui peke yake. Hujiona machoni mwa wakubwa wake. Sisi tulimtazama kwa dharau. Samaki mkunje angali mbichi: tulimkunja, akakauka, na sasa tunamlaumu kwa kupinda! Tuwaombe radhi kwanza, mahubiri baadaye.