Printa haina mdomo

Baada ya kipindi cha wiki iliyopita wengi mliniuliza: hiyo kazi yako ya mtandao, hasa unafanya nini? Basi niwasimulie Jumatatu moja niliyoiharibu mwenyewe.

Zamani kila poti ya swichi tuliipa VLAN yake kwa mkono. VLAN ni kama vyumba vya nyumba moja: waya ni zilezile, lakini simu ya mgeni haioni kompyuta yenye faili za wagonjwa. Shida ni kwamba mtu akihamia meza nyingine, anaangukia chumba kisicho chake. Kwa hiyo kwenye kliniki moja hapa Uingereza nikaweka 802.1X. Kifaa kikichomekwa kinapiga hodi, swichi inauliza "nani?", inapeleka jibu kwa seva ya RADIUS, na seva inarudisha namba: huyu mpeleke VLAN 20. Poti yoyote ile. Nilijiona fundi kweli.

Saa mbili asubuhi (ya Kiswahili, jamani!) mama wa mapokezi, mzaliwa wa Unguja, akanipigia. Hata shikamoo yangu aliiitikia mbiombio. "Mwanangu, printa za lebo hazifanyi kazi hata moja." Damu ilikuwa imeshatolewa, chupa zimejaa mezani, na yeye anaandika majina kwa kalamu. Chupa mbili zikibadilishana majina hapo, mtu anatibiwa ugonjwa wa mwenzake.

Nikakimbilia huko, nikapoteza karibu saa nzima naichunguza seva, wala haikuwa na kosa. Nikamweleza mama habari ya hodi. Akanitazama. "Sasa printa ina mdomo? Itapigaje hodi?"

Ndiyo hapo. Printa zile hazijui 802.1X. Nilishaiambia swichi kwamba kifaa kikinyamaza, ikitambue kwa anwani yake ya MAC. Ila kwa mipangilio iliyokuja nayo, swichi huuliza mara 3, na kila mara husubiri sekunde 30. Dakika moja na nusu! Kufikia hapo printa imeshaomba anwani ya IP, imekosa, imejipa yenyewe ile inayoanza na 169.254, ambayo haikufikishi popote. Kwenye majaribio sikuliona hilo kwa sababu nilijaribu kwa laptopu tu. Uvivu wangu.

Nikapunguza kusubiri hadi sekunde 5 kwenye poti za printa, nikazima na kuwasha. Lebo zikatoka. Na kwa kuwa anwani ya MAC mtu anaweza kuiigiza, printa nikazipa VLAN yao, inayofika kwenye seva ya lebo na si kwingine. Nikaweka pia VLAN ya dharura, ili RADIUS ikizimika watu wasibaki nje.

Chupa zote zilihakikiwa upya, na wagonjwa wawili ikabidi watolewe damu tena. Mama hakunisema. Lakini siku hizi nikiingia na kifaa kipya, huniuliza kwanza kama kina mdomo.