Hasira inakimbia kuliko habari

Kila asubuhi, mbele hata ya kunywa chai, watu wengi wa Goma, Bukavu ao Beni wanafungua WhatsApp. Maji yamekatika, barabara imeharibika, bei ya unga imepanda. Mengi ni ya kweli. Lakini mbona habari njema haizunguki vile?

Kwanza, akili ya mtu inashika baya haraka kuliko zuri. Pili, kuna mashine. Kuanzia 2017, Facebook ilihesabu alama za hisia, pamoja na ile ya hasira, mara 5 kuliko alama ya kupenda. Maneno ya kukasirisha yakasukumwa kwa watu wengi. Uzito wa hasira uliondolewa 2020.

Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, watu wa Beni na Butembo walikuwa na sababu ya kulalamika: mauaji hayakuisha, na makuta mengi yaliingia kwa ajili ya ugonjwa tu. Lakini kwenye simu, kilio hicho kiligeuka uvumi kwamba Ebola ni biashara. Wengine walikataa chanjo, wengine walificha wagonjwa. Watu zaidi ya 2 200 walikufa.

Kulalamika si kosa. Lakini lalamiko lisilotaja avenyu, siku, wala mkubwa anayehusika, linaishia kwenye grupu. Mbele ya kutuma, mtu ajiulize: nani atasoma hii, na atafanya nini? Kama hakuna jibu, mega zinaisha na shimo la barabara linabaki palepale. Shefu wa kartie naye hajaambiwa kitu.