Bastola ya fataki bado ni silaha

Ndugu mwandishi, bastola ya fataki ya mfukoni, Colt ya 1849, umeieleza vizuri, ila uliposema silaha za fataki hazikuwa na historia kwetu, hapo sikubaliani nawe. Naandika toka Yangambi, ukishuka mto kutoka Kisangani. Mwaka 1887 mfanyabiashara Tippu Tip alipokubali kumpatia mvumbuzi Stanley wapagazi, baruti na fataki zilikuwa sehemu ya mapatano yao, na zikawa chanzo cha ugomvi. Kisha Mkataba wa Brussels wa 1890 ukaacha gumegume tu, yaani bunduki za jiwe, ndizo ziweze kuuzwa kwa watu wa huku. Wakubwa waliotia saini mkataba huo walijua vema tofauti ya jiwe na fataki. Na wewe msomaji wa hapo juu unayesema bastola hizo ni salama kwa kuwa ni za kale, tafadhali sana. Marehemu mjomba wangu aliwinda kwa gobori la fataki, akanifundisha kwamba fataki huwekwa mwisho kabisa, mdomo wa bunduki ukielekea pasipo na mtu. Na gobori lile lilikuwa na mtutu mmoja! Bastola ina vyumba vitano au sita vya baruti. Cheche ikipenya, vyumba vya jirani hulipuka navyo mkononi mwako. Ndiyo maana wapigaji makini hupaka mafuta mazito juu ya kila risasi. Anayeitaka aombe kibali, ajifunze kwa anayeijua, na aiheshimu kama silaha nyingine yoyote.