Zawadi Isiyohesabiwa na Wakwe

Siku ya Jumamosi, mtu anayepanda kilima cha Lubaga hakosi kukutana na magari yaliyofungwa riboni, yakielekea Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria, lile lililowekwa wakfu tarehe 31 Oktoba 1925. Kabla ya arusi hizo huwa pamefanyika kwanjula, ambapo muoaji huwapelekea wakwe zake gomesi ya senga, kanzu ya baba, jogoo wa shemeji, sukari, sabuni na nyama. Kila kikapu huonwa na watu na kusemewa. Juma hili ukurasa wetu unauliza jambo dogo zaidi: vikapu vile vikisha kuhesabiwa na wakwe, mke mwenyewe atapewa nini, na lini?

Katika nyumba nyingi za askari, jibu ni kwamba mke hupewa matumizi. Mshahara ukiingia, fedha hutumwa kwa simu, zikalipa karo, posho na mkaa. Huo ni wajibu, nasi twawapongeza wanaoutimiza. Lakini matumizi si zawadi, wala mume asidai kushukuriwa kwa kumlipia karo mtoto wake mwenyewe. Vivyo hivyo sufuria mpya ni mali ya jiko, na wote walao nyumbani humo hufaidika nayo. Zawadi ni kitu ambacho mpewa hakukiomba, nacho chamhusu yeye peke yake.

Liko kosa la upande wa pili, nalo ni zito zaidi. Tangu Machi 2007, wanajeshi wa Uganda walipoanza kwenda Somalia kulinda amani, familia nyingi zimeishi miezi mingi bila baba nyumbani. Arudipo, hutaka kufidia siku zote hizo kwa kitu kimoja kikubwa: televisheni pana kuliko ukuta, au makochi yasiyoweza kupita katika mlango wa unipoti. Mwingine hukopa katika chama cha akiba na mikopo, Wazalendo kwa wanajeshi au Exodus kwa polisi, fedha ambazo zingeweza kununua kiwanja. Mkopo hukatwa mwezi baada ya mwezi, na mke ndiye anayeilipia zawadi yake mwenyewe kwa kupunguza mboga. Akikaa kimya mbele ya televisheni hiyo, mume hudhani hana shukrani. Kumbe anahesabu.

Wenyeji wa Buganda walikuwa na desturi inayofaa kufikiriwa. Mwezi wa Novemba, ambao kwa Kiganda huitwa Musenene, mke alikwenda kukamata senene, akawanyofoa mabawa na miguu mmoja mmoja, akawakaanga na kumwandalia mumewe. Mume naye alipaswa kumlipa kwa kumnunulia gomesi. Zamani mwanamke wa Kiganda hakuruhusiwa kula senene, wala kuku, wala mayai. Kazi yote ya vidole vyake ilikuwa kwa ajili ya kinywa cha mwingine. Mwiko huo hatuusifu hata kidogo, na ni heri umepitwa na wakati. Hata hivyo tazama jinsi zawadi ile ilivyokuwa. Senene walitoka majanini bila bei, na thamani yao ilikuwa ile saa nzima ambayo mke aliketi akinyofoa mabawa, akijua mumewe anawapenda.

Leo senene huletwa Kampala kwa magunia kutoka Masaka, wanakonaswa usiku kwa taa kali na mabati, na huuzwa kwa kikombe masokoni na kando ya barabara. Basi askari anayetoka zamu jioni anaweza kuigeuza desturi. Anunue kikombe kimoja cha senene ambao bado wana mabawa, kisha aketi na mkewe wanyofoe pamoja. Ila akumbuke kwamba watu wa ukoo wa Nsenene hawawali. Mume asiyejua ukoo wa mkewe tutamwandikia siku nyingine.

Ama gomesi yenyewe, humeza hata mita sita za kitambaa, na ile ya hariri si ya mshahara wa konstebo. Lakini vazi hilo lina sehemu zake. Kuna mshipi mpana wa kiunoni, na kuna kikoi kinachofungwa ndani ili hariri isigande mwilini. Vitu hivi vyaweza kununuliwa peke yake. Mume aliyegundua ya kwamba mshipi wa mkewe umeanza kutoka nyuzi, akamletea mwingine unaopatana na gomesi yake ya kijani, amemjulisha kuwa alimtazama Jumapili alipokuwa akijipamba. Televisheni haiwezi kusema hivyo.

Wanaopendelea leso wawe waangalifu. Leso ya pwani ina maneno yaliyopigwa chapa chini yake, na mengine ni ya kumsuta jirani au mke mwenza. Mwuzaji wa Owino hatakusomea. Askari anayekijua Kiswahili cha kwata tu na asome mara mbili, kwa maana mkewe akiivaa bombani, hatakosekana wa kumfasiria.

Huko pwani kwenyewe, Mombasa na Unguja, mwanamke hubandika kifuani kikuba cha asumini na rihani, kinachonukia usiku mmoja tu. Sisi tunalima waridi karibu na Entebbe, na mengi hupelekwa Uholanzi. Ikifika tarehe 14 Februari bei yake hupanda mjini Kampala, na vijana hupanga foleni. Mwenye kupenda maua asiingoje siku hiyo. Ua la tarehe 20 lina harufu ile ile, na mke hatalitazamia.

Akina mama nao wasidhani kwamba kutoa ni kazi ya mwenye mshahara. Mume anayepangiwa kazi Karamoja huondoka na mzigo mdogo, na kila kitu ndani yake hukitumia. Mwekee chupa ya odii, ile siagi ya ufuta na karanga ya kwa Acholi, ambayo hukaa muda mrefu bila kuharibika. Mwekee sindano na uzi wa rangi ya sare yake. Mtarizie kitambaa cha mkono, lakini utie herufi moja tu ya jina lako pembeni. Askari wenzake ni watani wabaya.

Kuhusu kiasi cha fedha, kipimo chetu ni hiki: toa kiasi ambacho kama kingedondoka njiani, msingelala njaa wala kukopa. Kisha mpe mwenzako mkiwa wawili, watoto wakisha kulala, usimpe mbele ya wageni wala kwa mkono wa rafiki. Bei usiitaje. Bali mweleze ulikuwa wapi ulipokiona kitu hicho, na ni neno gani lake lililokukumbusha.

Na kwa aliyekosa senene wa Novemba, msimu mwingine, ulio mdogo, huja pamoja na mvua za Aprili na Mei.