Mkesha wa Kaplong na Ndugu Yake wa Taita



Wasomaji wetu wapendwa, makala ya wiki hii tunaiandika kutoka bara, Kaplong, pale barabara ya Kisii kwenda Kericho inapokutana na ile itokayo Narok na Bomet. Wapo miongoni mwenu wenye wana na ndugu waliofuata riziki katika nchi hii ya majani chai. Aghalabu habari zao huwa za baridi, mvua ya alasiri na kazi. Leo tunapenda kuwaeleza habari ya ndege wa huku mwenye sauti nzuri, kwa sababu mambo yake yanamgusa ndugu yake aliyeko mlangoni petu, katika milima ya Taita.

Ndege huyu tutamwita mkesha, nalo ni jina linalomfaa, kwani huanza kuimba kabla jua halijachomoza. Ni mkubwa kidogo kuliko shore wetu wa Pwani. Mgongo wake ni wa kahawia, tumbo lina rangi ya chungwa, na mdomo pia ni wa chungwa. Riziki yake huitafuta chini. Hurukaruka juu ya majani makavu, akayapekua, akatoa mnyoo, mdudu au konokono; na miti ikizaa, hula matunda na kuzitawanya mbegu zake.

Wataalamu huwapanga viumbe kwa daraja: familia, kisha jenasi, kisha spishi. Mikesha wamo katika familia ya Turdidae, jenasi ya Turdus. Mwaka 1766 Linnaeus wa Sweden alimpa mkesha wa kusini mwa Afrika jina la Turdus olivaceus. Mwaka 1789 Gmelin alimwita yule wa Habasha Turdus abyssinicus, naye ndiye aliyeenea katika nyanda za juu za Kenya hadi huku kwenye majani chai. Kisha mwaka 1913 Mmarekani Edgar Mearns alimweleza mkesha wa Taita, mwenye kichwa na kifua cheusi, tumbo jeupe na mbavu za rangi ya chungwa. Alimwita Turdus helleri kwa heshima ya Edmund Heller, mtaalamu wa wanyama aliyesafiri na kukusanya viumbe katika nchi zetu.

Hata hivyo, kwa miaka mingi baadhi ya vitabu viliwakusanya mikesha hawa wote chini ya jina moja la yule wa kusini, kana kwamba tofauti zao ni za mavazi tu. Ndipo mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Rauri Bowie wakachapisha uchunguzi wa vinasaba vya kundi hili. Ikabainika kwamba mkesha wa Taita ana ukoo wake mwenyewe, si tawi tu la mkesha wa kusini. Sisi watu wa Pwani tunaujua uzito wa nasaba. Hatuhitaji kuelezwa kwamba watu wawili wanaweza kufanana sura na kila mmoja akawa na ukoo wake.

Huenda msomaji akauliza: je, jina lina faida gani kwa ndege? Faida yake ni kubwa. Mtu akisimama Kaplong akawahesabu mikesha walioko kwenye bustani na nyua za miti, atasema kwamba wapo wengi, hakuna haja ya wasiwasi. Lau mkesha wa Taita angeandikwa katika daftari lile lile, kupotea kwake kusingeonekana kabisa, kwa kuwa wingi wa ndugu yake ungeufunika uchache wake. Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-An'am aya ya 38, inatufundisha kuwa ndege nao ni umma mfano wetu. Na umma mmoja hauwezi kuhesabiwa salama kwa sababu tu jirani yake ni salama.

Tutazame sasa makazi yao. Mkesha wa huku asili yake ni msitu wa milimani, lakini amejifunza kukaa karibu na watu. Akipata kivuli, unyevu na majani yaliyooza chini ya miti, humtosha. Shamba la chai lenyewe halimpi mengi, kwa kuwa ni mmea mmoja uliokatwa sawasawa, usio na matunda ya kuliwa. Riziki yake iko pembezoni: kwenye miti ya kando ya mito, kwenye nyua, na katika msitu wa Mau ulioko mashariki. Msitu huo umepata misukosuko. Mwaka 1986 serikali ilianzisha ukanda wa chai wa Nyayo ili uwe mpaka kati ya mashamba na msitu, lakini mwaka 2001 sehemu kubwa ya Mau ikaondolewa katika hifadhi. Mkesha wa huku ameweza kustahimili kwa sababu ana pa kukimbilia.

Wa Taita hana. Yeye hukaa ndani ya msitu wenyewe, penye giza na unyevu, na ni nadra kuvuka mashamba yaliyo wazi. Milima ile ni mwanzo wa safu ya kale inayoshuka Usambara na Uluguru hadi Udzungwa, lakini msitu wake wa asili umebaki vipande vipande vilivyozungukwa na mashamba, misonobari na mikaratusi. Makazi yake makuu ni matatu: Mbololo, ulio mkubwa zaidi, wenye hekta zipatazo 200, Ngangao, unaozidi hekta 100 kidogo, na Chawia, usiofika hata hekta 100.

Mwaka 1998 Luc Lens wa Ubelgiji na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa damu ya ndege hawa. Waligundua kwamba huko Chawia, msitu uliodhoofika zaidi, majike yamekuwa machache mno kuliko madume. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba katika vipande vya msitu vilivyoharibiwa zaidi, urefu wa mguu mmoja wa ndege haulingani sawasawa na wa pili, dalili ya kiumbe aliyekulia katika dhiki. Akina mama mnaotusoma mtayaelewa haya upesi kuliko wengine. Nyumba isiyo na mama haina kizazi, na mtoto aliyekulia katika shida hubeba alama yake mwilini.

Kwa hiyo walio huku Kericho na Bomet tunawanasihi wasifyeke miti ya asili iliyobaki kando ya mito, wala wasiyafagie na kuyachoma majani yote yaangukayo chini ya miti ya uani. Walio na jamaa Wundanyi na vijiji vya Taita nao wawahimize kupanda miti ya asili pale wanapofikiria mkaratusi, hasa katika mabonde yaliyo baina ya kipande kimoja cha msitu na kingine. Ndege asiyethubutu kuvuka shamba huenda akavuka penye kivuli.

Watoto nao wafunzwe kuwa manati si mchezo, na kiota si kitu cha kuchezea. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona ndege akihangaika kwa kuchukuliwa makinda yake, akaamuru mama yule arudishiwe wanawe. Mtoto akilifahamu jambo hilo akiwa mdogo, hatakuwa na mkono mwepesi wa kubomoa akiwa mkubwa.

Na akiuliza, "Yule ni ndege gani?", tusimjibu kuwa ni ndege tu. Tumwambie jina lake, na tumweleze kwamba ana ndugu Taita aliye mchache kuliko yeye.

Wabillahi tawfiq.