Waamuzi Wawili Kabla ya Talaka

Hebu tuitazame nyumba moja ya Upare. Mke yuko Mamba Miamba akilima tangawizi, mume yuko Same mjini na biashara yake, na fedha za mavuno zimezua maneno. Aghalabu jamaa hungoja hata mke afunge mizigo.

Qur'ani Tukufu, Suratun-Nisaa aya ya 35, yaamrisha waletwe waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, pindi mfarakano unapohofiwa. Unapohofiwa, si ukiisha kutimia! Nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka shauri lifike kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya kuomba talaka mahakamani, ila kwa sababu maalumu. Huko wakili haingii bila idhini ya baraza; jamaa aweza kumsemea mtu wake.

Suluhu yafaa maadamu wawili hao wangali wakisemezana, hata kwa hasira. Lakini mke apigwaye asiambiwe angoje kikao. Kwanza apelekwe penye salama, na polisi wajulishwe. Na mjomba anayedaiwa na mume, huyo tusimteue kuwa mwamuzi.